Darubini Mbili Juu ya Meza Yangu

Mwamini,

Umetoka kwenda kusukwa nywele kwa Mama Atosha, na Mama Atosha namjua: mdomo wake unakwenda mbio kuliko vidole. Kwa hiyo nina saa mbili, labda tatu. Nimefunga mlango wa chumba cha kazi, nimewasha taa ya betri kwa sababu umeme umekatika tena, na barua hii nimeianza mara nne. Mara ya kwanza nilijaza ukurasa mzima wa chandarua, vidonge vya malaria na maji ya kuchemsha, nikauchana. Hayo mama yako anakuambia tangu Jumatatu, na kesho bandarini atakuambia tena mbele ya watu wote. Umvumilie.

Mimi nina jambo moja tu, na limekataa kukaa kifuani. Tangu jana jioni nainuka, nakaa, nainuka. Mama yako amenichoka. "Radjabu, ikala chini," amepiga kelele sasa hivi kutoka upande wa pili wa ukuta, "utamaliza ciment ya nyumba na ile miguu yako!" Basi nimekaa. Mbele yangu, kati ya saa za watu ninazotengeneza na kopo la bisibisi, ziko darubini mbili: ile mpya niliyokununulia na ile kuukuu uliyoizoea tangu utoto. Uliniambia kesho utabeba mpya na kuniachia kuukuu iwe ukumbusho. Sitaki uniachie, na sababu yake ndiyo barua hii.

Nianze na jana, maana jana ndiyo iliyonifungua mdomo.

Tulikwenda kwenye maporomoko ya Wagenia kuzijaribu zote mbili, na mimi nilikuwa na majivuno yangu kama kawaida. Ile mpya imeandikwa kumi na mbili mara hamsini. Nzito, nyeusi, vioo vyake vya mbele vinang'aa rangi nyekundu kama juisi ya bisapu, na kila kijana aliyepita pale kwenye mawe aligeuka kuitazama. Ile kuukuu ni nane mara arobaini, ngozi imebanduka, mkanda nimeufunga kwa kamba ya kiatu. Nikakuambia, hesabu ni rahisi: moja inavuta vitu karibu mara kumi na mbili, nyingine mara nane, na kumi na mbili inaizidi nane. Ulishika ile mpya, ukaielekeza kwenye miti ya mitego ya wavuvi ng'ambo ya maji, ukaanza kukunja uso.

"Papa, inatetemeka."

Nikasema ni mikono yako. Nikaichukua mimi, fundi, mtu mwenye mkono wa kushika nywele ya saa, na kweli ilitetemeka, kwa sababu darubini inayokuza mara kumi na mbili hukuza hata mapigo ya moyo wako. Sikukubali. Jua lilikuwa limeshaanza kushuka. Niliona kitu juu ya mti wa tatu wa mitego, nikafurahi, nikakurudishia.

"Unaona ule ndege kwa muti ya tatu? Mudiria. Iko bleu, angalia."

Ukaangalia muda mrefu. Ukasema, taratibu, hata hukuigeuza sauti: "Papa, mi hapana ona."

"Angalia muzuri!"

"Niko naangalia. Naona kitu, lakini ndege mi hapana ona. Na hii ya mupya, kila kitu iko bleu, Papa. Hata miti, hata mavazi ya wale wavuvi."

Kisha ukachukua ile kuukuu, ukaegemeza kiwiko kwenye jiwe, ukavuta pumzi. "Bon," ukasema, ukacheka. "Iko sachet. Sachet nyeusi, imekamatwa kwa muti."

Nilicheka nawe. Mfuko wa plastiki mweusi, na mimi nimeupa mabawa na rangi na jina. Lakini njia nzima ya kurudi nyumbani Kabondo sikusema neno, na wewe ulidhani nimekasirika kwa sababu ya bei ya darubini. Haikuwa bei. Yale maneno, mi hapana ona, mara ya kwanza niliyasikia mwaka uliozaliwa wewe, yakisemwa vilevile, bila hasira, na mtu anayeitwa Lofemba.

Ngoja. Nimeinuka kidogo, nimechungulia barabarani. Pikipiki tu. Naendelea.

Unajua kisa cha tausi. Nani Kabondo hakijui? Mimi ndiye Papa Tausi, yule fundi wa saa aliyekwenda msituni ng'ambo ya Isangi na watafiti, akamwona tausi wa msitu kwa macho yake, dume, wa buluu, kabla ya watu wote waliokuwa wakimtafuta. Umekisikia kwenye harusi na kwenye matanga. Ulipokuwa na miaka sita ulimchora kwa makaa ukutani, pale pale nyuma ya mlango, na mama yako akataka kukuchapa nikamzuia. Ulipochagua kusoma mambo ya wanyama chuoni, mwalimu alikuuliza kwa nini, ukamjibu kwa sababu ya baba yangu. Ulirudi nyumbani ukanisimulia, na usiku huo sikula.

Sasa sikiliza kilichotokea.

Kambini kulikuwa na kanuni. Ndege haandikwi daftarini mpaka watu wawili wamemwona, na kila mmoja anaulizwa peke yake, mwenzake akiwa mbali asisikie. Mimi nilichukuliwa kwa muda tu, kusafisha vioo, kwa sababu unyevu wa msitu huotesha kuvu ndani ya darubini na babu yako alinifundisha kazi ya vitu vidogo. Lofemba alikuwa mtu wa mto, wa kijiji cha Yanonge, mfuatiliaji nyayo wa zamani kuliko wote pale. Alikuwa na darubini yake mwenyewe, aliyoachiwa na padri mmoja mzee: nane mara arobaini. Mimi nilikuwa nimejinunulia sokoni moja kubwa yenye vioo vyekundu. Niliivaa kifuani hata wakati wa kula. Wenzangu walinitania, wakisema Radjabu anailinda kama samaki aliyevuliwa, asije akamkimbia, na mimi nilifurahi kutaniwa.

Mkubwa wa kambi alikuwa amesema atakayempata tausi atabaki kwenye kazi ya kudumu. Mama yako alikuwa amekuzaa wiki tatu kabla.

Jioni moja, mimi na Lofemba tukiwa tumelala kifudifudi nyuma ya gogo, kitu kikapita kwenye giza la vichaka, mita arobaini hivi. Nikainua kubwa yangu. Niliona doa jeusi likitetemeka, kingo zake zikiwa na uzi wa zambarau, na juu ya doa hilo rangi ya buluu. Nilitaka buluu, Mwamini. Nilikuwa nimeiota usiku wa pili mfululizo. Kile kitu kikaondoka.

"Tausi!" nikanong'ona.

Lofemba akashusha yake polepole. "Radja, ile iko kanga. Kanga wa kishungi. Nimeona madoa."

"Mi nimeona bleu!"

"Na ile vioo yako, hata mimi niko bleu," akasema, akanipiga begani. Hakuwa na ubaya. Alidhani tutacheka yaishe.

Usiku ule tuliulizwa mmoja mmoja. Mimi nilisema nimemwona, dume, na kila nilipoulizwa zaidi nikaongeza kitu: shingo, kishungi cheupe, mkia. Wakati naingia hemani nilikuwa na shaka. Natoka, nilikuwa na tausi mzima. Lofemba akaitwa, na mimi nilisimama nje ambako sikupaswa kusimama. Nikasikia: "Tausi mi hapana ona. Nimeona kanga. Namoni te, chef." Kwa Kilingala: sikuona, mkubwa.

Ndipo mkubwa akaniita tena. Aliuliza swali moja, la kweli kabisa, swali ambalo lingeweza kumaliza kila kitu. "Darubini ya Lofemba ni nzima?"

Nilikuwa nimeisafisha mwenyewe siku tatu kabla. Ilikuwa safi kuliko zote pale kambini.

Nikasema imeingia maji.

Nimesimama tena. Mama yako amenipa chai, ameangalia karatasi, ameangalia uso wangu, ametoka bila kuuliza. Si kawaida yake.

Kanuni ya watu wawili ikawekwa kando: neno la Lofemba likafutwa kwa sababu ya vioo vyake, langu likaandikwa peke yake. Asubuhi walimnyang'anya Lofemba darubini yake, wakaniletea niitengeneze. Niliifungua. Nilipaswa kuifungua, watu walikuwa wanapita. Nilitoa skrubu moja moja, nikapangusa vioo visivyokuwa na ukungu, nikairudisha ilivyokuwa. Kisha nikatoka nje, nikaielekeza kwenye miti ileile na saa ileile ya jioni, na nikaona tofauti ambayo sitaisahau. Nane ilitulia mkononi. Ilinipa eneo pana, kichaka kizima na pembeni zake, si kitundu cha kuchungulia. Jani lilikuwa kijani, gome lilikuwa kahawia, kivuli kilikuwa cheusi. Nikainua ile yangu na kila kitu kikageuka buluu. Vile vioo vyekundu hurudisha nyuma mwanga mwekundu, Mwamini. Kinachobaki na kufika jichoni ni ubaridi wa kijani na buluu. Mtu mweusi ataonekana wa buluu, na kanga pia.

Kwa hiyo siku ya pili nilijua. Hapo ndipo nataka usinionee huruma. Jioni ya kwanza naweza kusema nilidanganywa na kioo na tamaa. Siku ya pili nilijua, na nikanyamaza.

Mwisho wa mwezi Lofemba aliambiwa asirudi, kwa sababu mfuatiliaji asiyeona wanachoona wengine hana kazi. Aliondoka kwa mtumbwi asubuhi, na mimi nilihakikisha niko msituni na wageni. Baada ya majuma mawili alituma mpiga kasia aje kuchukua darubini yake.

Nikamwambia mpiga kasia: "Bado haijaisha."

Basi haijaisha hadi leo. Ni hii, mwanangu, hii ya kamba ya kiatu. Hii uliyojifunzia kutofautisha tai na mwewe juu ya paa la shule. Haikuwa yangu hata siku moja. Kila uliponiomba nilikupa, na kila nilipokupa niliona mkono wa mtu mwingine ukiomba.

Tausi hakuonekana tena pale. Watafiti walirudi msimu baada ya msimu kwa ajili ya mstari mmoja niliouandikisha mimi, mpaka wakachoka. Nikarudi Kisangani na jina la Papa Tausi. Nililipenda jina hilo. Hata leo asubuhi kijana anayebeba mizigo kwa chukudu aliniita hivyo nikageuka kwa furaha, kabla sijakumbuka.

Na bado sijamaliza makosa yangu. Wiki iliyopita ulinionyesha karatasi ya kikosi chako kipya cha watafiti. Walikuja watu wengine, wakafungua kambi ileile upya, wakaenda vijijini kutafuta wanaojua msitu. Juu kabisa, mkuu wa wafuatiliaji, mtu utakayefanya kazi chini yake: Lofemba wa Yanonge. Ukaniuliza, "Papa, unamujua?" Nikasema hapana, majina yanafanana tu. Nilisema haraka, kama mtu anayefunga dirisha mvua ikija. Miaka yote hii, na mdomo wangu bado una mazoea yake.

Siku utakayofika atakuuliza wewe ni mtoto wa nani. Wazee wa mto huuliza hivyo kabla hata ya kukupa maji. Utamjibu kwa majivuno kwamba wewe ni mtoto wa Radjabu, fundi wa saa, Papa Tausi, na utakuwa umeshika darubini yake mkononi. Picha hiyo ndiyo inayoniinua kwenye kiti.

Sasa kuhusu hizi darubini, maana barua ya kuaga hutakiwa kuwa na ushauri na sina mwingine wa maana. Ile mpya nimekununulia mimi, kwa macho yaleyale ya sokoni, vioo vilevile vyekundu. Mtu anaweza kukosea namna moja mara mbili akiwa ameifikiria kila siku katikati. Leo mchana nimezijaribu tena uani, peke yangu. Nimezishika mbali na uso, nikazielekeza kwenye anga, nikatazama vile viduara vya mwanga kwenye vioo vya jicho. Cha kuukuu ni kikubwa na cha mviringo mzuri. Cha mpya ni kidogo, na pembeni kimekatwa, kana kwamba mtu amekipunguza kwa mkasi. Ina maana mwanga mwingine unapotelea ndani. Jioni, wakati wanyama wanapotoka, ndipo utakapoukosa mwanga huo. Nimetazama waya wa umeme dhidi ya mawingu: kwenye mpya una ukingo wa zambarau. Nimetazama shuka jeupe la mama yako kambani: kwenye mpya lina rangi ya maji ya bahari, kwenye kuukuu ni shuka. Nimejaribu kumtazama kipepeo kwenye majani ya mhogo, hatua tano kutoka kwangu. Mpya ilikataa kabisa kumkaribia, kuukuu ilinipa hadi vumbi la bawa.

Kwa kila jaribio inayokufaa ni kuukuu, na siwezi kukupa kwa sababu si yangu. Utaondoka na ile mbaya, kosa langu la pili shingoni mwako. Nimetafuta njia nyingine siku nzima, hakuna. Basi ukiwa nayo itabidi useme hujaona, mara nyingi kuliko wenzako. Watakucheka. Utakaporudi kambini na ukurasa mtupu, nao wamejaza wao, utasikia joto usoni na utatamani kuongeza shingo tu, au mkia tu. Najua ladha ya tamaa hiyo. Sikufundishi, nakuambia nilivyokuwa.

Nilipoanza barua hii nilikuwa nimepanga kuikunja na kuificha ndani ya mfuko wa darubini, chini, uikute ukiwa umeshapita Yanonge na huwezi kurudi kunitazama. Nimeandika hadi hapa ndipo nimejiona. Ni ujanja wangu uleule wa kumkwepa mtu: mpiga kasia yuleyule, nami niko msituni na wageni. Hapana. Nitakupa mkononi, leo, ukirudi. Utaisoma mbele yangu.

Pamoja nayo kuna karatasi nyingine, fupi, ya kuwekwa kwenye daftari la kambi. Nimeandika kwamba Radjabu hakumwona tausi, kwamba darubini ya Lofemba ilikuwa nzima, na kwamba alichosema kilikuwa kweli. Nimetia sahihi. Nyuma ya mlango, chini ya tausi wako wa makaa, kuna begi langu dogo. Ukisema niende nawe kesho, nitapanda baleinière, boti yenu ya mto, nitampa Lofemba darubini yake kwa mkono wangu, nitasema mbele ya watu wake, nitarudi. Lakini ni siku yako ya kwanza ya kazi, na huenda hutaki kuingia kambini na aibu ya baba nyuma yako. Ukisema nibaki, chukua darubini na karatasi, mpe, na mimi nitakuja siku utakayonitumia neno. Kwenda nitakwenda. Siku ndiyo unayochagua wewe.

Anaweza kukufukuza kwa ajili yangu. Sidhani, lakini sina haki ya kukadiria moyo wake. Na wewe unaweza kuniangalia ukaona mtu mwingine. Hilo naliogopa kuliko Lofemba, nalisema waziwazi.

Kitu kimoja tu nakuomba usikitupe. Jana kwenye mawe baba yako, mtu uliyemwamini maisha yako yote, alikuelekezea ndege kwa kidole na kukufokea uangalie vizuri, nawe ukasema huoni. Hilo hukulipata kwangu. Sijui ulilipata wapi, ila nimefurahi hadi nimeshindwa kulala.

Nasikia sauti yako getini, unamcheka mama yako, anakuuliza mbona Mama Atosha amekusuka upande. Naweka kalamu. Nitakaa kwenye kiti hiki, sitainuka hata ukichelewa kumaliza. Kisha niulize, Mwamini, kama watu wa kambi walivyouliza, mimi peke yangu na mlango umefungwa: Papa, ule tausi, ulimuona?

Mi hapana ona.

Baba yako,
Radjabu